Vyumba Viwili Ng'ambo ya Kijito

Ulezi ulioanikwa juani ndio uliotuponza. Baba alikuwa na kiwanja kando ya barabara, pembezoni mwa Sumbawanga, lakini kila lilipopita gari la Namanyere vumbi lilitua juu ya ulezi wetu, na wageni wakatafuna mchanga kwenye ugali. Kwetu Wafipa, kumlisha mgeni mchanga ni fedheha. Basi Baba akabadilishana kiwanja na jirani yetu mwenye duka, Mzee Salum, tukahamia bondeni ng'ambo ya kijito, ambako ulezi ulikauka ukiwa safi. Tulimcheka sana Mzee Salum kwa kuchagua vumbi.

Haukupita muda, haisi, zile basi ndogo za abiria za mjini, zikaanza kufika mtaani kwetu, zikawa zinageuzia mlangoni kwake. Vyumba vyake vikajaa wapangaji kabla rangi haijakauka; waliokosa waliomba hata stoo. Baba naye akajenga vyumba viwili vya kupangisha, vyenye madirisha makubwa kuliko yetu wenyewe, akisema akipata mpangaji mmoja tu, watu wataacha kumwita mjinga. Hakuja mtu. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini Baba alijaribu kuyazoa. Kila jioni alivaa koti lake la kanisani akaenda kusimama haisi zinapogeuzia, akiwauliza abiria kama wanatafuta chumba. Wakiuliza kama ni mbali, alijibu, "Hapo tu, nyuma ya ile miti." Mama alinung'unika nyumbani kwamba njia ya mwongo ni fupi. Mimi, binti yake niliyependa kumfuata, nilibaki kutazama vidole vyangu vya miguu.

Kiangazi kimoja Baba akampata Mwalimu Neema, mgeni aliyehamishiwa shule ya mjini. Baba alitembea kama bwana harusi. Kisha mvua zikaja, kijito kikajaa, na kila asubuhi mwalimu wetu alivuka viatu mkononi, akapanda haisi na tope hadi magotini.

"Shikamoo baba," alisema siku moja. "Chumba chako ni kizuri, lakini wanafunzi wananicheka. Nimepata kwa Mzee Salum."

"Marahaba, mwanangu," alijibu Baba, akainama akajitwika godoro la mwalimu.

Nilimfuata na ndoo ya vyombo. Abiria walewale wa kila jioni walikuwa wakisubiri gari, na mmoja akaita, "Mzee, kumbe ni hapo tu!" Wakaangua kicheko. Baba naye akacheka, na kicheko chake kiliniuma kuliko chao. Mzee Salum alipokea godoro kwa adabu, na adabu ile iliniunguza uso.

Siku hizi barabara ile ina lami, na nyumba zilizo kando yake zinagombewa. Yetu haina anayeiulizia. Mwaka huu, baada ya kumzika Baba, nilipata mteja mmoja wa vile vyumba viwili, kijana anayeanza maisha na mkewe mjamzito. Tulikutana haisi zinapogeuzia, mvua imetoka kukatika.

"Dada, ni mbali?" aliuliza mkewe.

"Hapo tu," nikajibu, hata sijafikiri.

Aibu ikanipanda mpaka masikioni. Nikavua viatu vyangu, nikawaambia na wao wavue, kuna kijito cha kuvuka.