Kumrudisha Marehemu Kanazi

Nilitoka Kanazi kwenda Runazi kwa sababu moja: kumrudisha mdogo wangu Laurenti nyumbani kabla hajafa. Bintiye alinipigia simu, sauti kama kifaranga kilichonyeshewa: "Shangazi, shikamoo. Baba miguu imekataa. Anataja Kanazi kutwa nzima."

Kwa msiomjua, Laurenti alikuwa mchezaji wa mpira wa kulipwa, huko mjini. Jeshi likamchukua, akawa ofisa wa wale wanaoruka kutoka kwenye ndege na miavuli. Ikaja vita ya Uganda. Mtu wa sokoni akatuambia amekufa. Mwili hatukuuona, basi tukafanya kama tunavyofanya siku zote: tukazika mgomba badala ya mwili, nyuma ya nyumba, tukalia, tukanyoa nywele. Mara huyo anakuja, magongo kwapani, nyota mabegani! Baba akamzuia: "Uliyezikwa hupiti langoni, ni mwiko. Tunakufungulia ua kule nyuma." Laurenti akageuka, akaenda kulima Runazi. Hata Baba alipokufa hakuja.

Asubuhi nilipanda basi dogo la Haisi barabarani. Konda, ulimi wa kwetu, ananiita, "Bibi, karia huku mbere!" Nami nikamjibu, "Nimekaria, baba!" Gari zima likacheka. Njiani msitu na malori, malori na msitu.

Biharamulo mjini nikanywa chai, nikachukua pikipiki. Dereva ananiuliza, "Bibi, mwendo unakutisha?" Nikamwambia aendeshe, mdogo wangu kaanguka kutoka mawinguni.

Runazi nilimkuta amekaa kando ya mahindi yaliyoanikwa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, marehemu. Nimekuja kukuchukua."

"Nitapita langoni?"

"Nyuma."

Akatoa ile sauti ya gwaride: "Mimi ni ofisa! Siingii kwetu kama mwizi wa kuku!"

"Umeruka kutoka kwenye ndege, leo ua wa minyaa unakushinda?"

"Kwenye ndege nilitokea mlangoni, dada."

Basi nikamuuliza anaogopa nini hasa. Tukala kwanza ugali wa muhogo. Alipomaliza kunawa akasema, sasa bila gwaride, "Siyo lango. Siku ile nilichungulia nyuma nikaona lile tuta, na kibao kina jina langu. Vitani sikutetemeka. Pale nilitetemeka. Nikipita nyuma napita juu yake."

Miaka yote hiyo sisi tunasema kiburi, kiburi.

Kesho yake tukakodi gari, mimi, yeye na bintiye. Kila kilima anauliza, "Lile tuta lipo bado?" Namwambia lipo. Anapangusa jasho.

Kanazi tulifika jua limeinama kidogo. Nikawaambia watoto wa marehemu kaka yetu walete jembe. Yule mkubwa, anayejikohoza kama katekista, akaanza: "Hm, hm. Shangazi, babu alikataza."

"Babu yako alikataza lango. Tuta hakulitaja. Na sasa mkubwa hapa ni mimi. Chimba!"

Akachimba. Mgomba ulishaoza zamani, ni udongo mweusi na nyungunyungu. Laurenti alikuwa anaangalia kutoka garini, shingo nje.

"Ndiyo mimi huyo?"

"Ndiyo wewe. Ulikuwa mtamu, nyungunyungu wamekumaliza."

Akacheka mpaka akakohoa. Shimo likafukiwa, likasawazishwa. Kibao nikakitia jikoni, maharage yakaiva.

Kisha vijana wakakata ua kule nyuma, wakambeba mabegani. Kwenye lile pengo akawaamuru wamshushe, akajiamrisha kama siku za miavuli: "Ukitua, miguu pamoja!" Akaibana, akashika mkono wangu, akapita mwenyewe. Hatua tatu hivi, mbovu mbovu, lakini zake.

Nilichojifunza safari hii ni kwamba mtu akikataa kuja kwake, mfuate ukamuulize anaogopa nini, halafu nyamaza akujibu.

Sasa analala kitanda cha Mama. Tangu alfajiri analalamika: uji wa baridi, jogoo ana kelele, rubisi, pombe yetu ya ndizi, imetiwa maji. Jirani ananiuliza mgonjwa anaendeleaje. Namwambia asikilize mwenyewe, maiti gani anagomba hivi?