Jibu Nililowapa Wajumbe

Mwaka nilioomba udiwani wa kata yetu, pembeni mwa mji wa Bariadi, mwishoni tulibaki wawili: mimi, fundi cherehani, na mama mmoja mjane aliyenizidi zaidi ya miaka ishirini. Alikuwa jirani yangu. Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa mikononi mwake, siku ambayo mto ulifurika na njia ya kwenda hospitali haikupitika, na kwa wiki mbili baada ya hapo alinilaza kwake akinipikia uji. Nilimwita mayu, kama ninavyomwita mama aliyenizaa.

Siku ya kura za maoni za chama tulijieleza mbele ya wajumbe katika darasa la shule ya msingi. Mmoja akiingia, mwingine anasubiri nje. Alitangulia yeye. Nilimsikia kupitia dirishani akieleza habari za kisima na zahanati, taratibu, bila karatasi. Walimpigia makofi marefu. Nikajua hapa sina changu.

Zamu yangu ilipofika nilisoma karatasi yangu. Yakaja maswali. Mjumbe mmoja, mkulima wa pamba, akasimama.

"Wewe unakaa jirani na huyu mama. Watu wanasema macho yale mekundu si ya bure. Ng'ombe wanakufa kule kwenu. Unasemaje?"

Kwetu hakuna asiyejua swali hilo lina maana gani. Wapo vikongwe waliouawa kwa kuitwa wachawi, kwa ajili ya macho mekundu tu. Na mimi macho yale niliyajua. Jiko lake halikuwa na dirisha. Alipikia miti ya pamba na mavi ya ng'ombe yaliyokauka, na moshi ulijaa mle mpaka mlango tukautafuta kwa kupapasa. Wiki zile mbili hata macho yangu yalikuwa mekundu.

Ningesema hivyo tu, ingetosha. Badala yake nilijibu, "Mimi ni mtu wa kanisani. Mambo hayo namwachia Mungu."

Wajumbe wakaguna. Niliona vichwa vinainamiana, nikaelewa vizuri kinachosemwa, nikakunja karatasi yangu na kutoka.

Nilishinda. Baadaye vikao vya juu vya chama vikalirudisha jina langu, nikawa diwani. Kwake, wanawake wakaacha kununua maziwa. Wajawazito wakaacha kumwita. Asubuhi moja akakuta mtu amemwekea panga mlangoni, na kabla ya mavuno binti yake alikuja kumchukua, wakaenda Lalago. Siku anaondoka nilikuwa ndani, nikisema nina kikao.

Nilimfuata baada ya karibu mwaka mzima. Nilimkuta anachambua mchele barazani kwa binti yake.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia.

Aliitikia, akanisogezea kigoda. Nikamweleza kila kitu, jibu langu na makusudi yake. Hakuacha kuchambua.

"Nilikuwa dirishani," akasema. "Kama ulivyonisikiliza wewe, na mimi nilikusikiliza."

Nikamwomba msamaha. Akasema, "Hapa tuko wawili, na mimi ninajijua. Kaseme kule ulikosemea."

Nilisema, kwenye mkutano wa hadhara wa kata, nimesimama mbele ya watu kama mia mbili. Nilieleza jiko lile, moshi ule, na jinsi nilivyouficha ukweli ili nichaguliwe. Nilitegemea wanizomee, na nadhani nilitaka wanizomee. Kisha mzee mmoja akanyoosha mkono: "Mheshimiwa, tumekusikia. Sasa tuambie, bomba la maji linafika lini?"

Mkulima yule wa pamba alikuwa mstari wa mbele. Aliitikia kwa kichwa kukubali kwamba swali la maji ni zuri.

Nilimpigia simu mayu jioni ile nikamwambia nimesema. Aliniuliza watu walijibu nini. Nikamwambia waliuliza habari za bomba. Akasema huko Lalago amezoea, wajukuu wako karibu, na kwamba hatarudi.