Msemaji Tuliyemtoa Kwenye Mashamba ya Miwa

Nilikuwa mwalimu kijana pale Kilema, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, miaka ile ambayo taifa zima lilikuwa limeshika kalamu. Asubuhi nilifundisha watoto. Alasiri, watoto wakishaondoka kwenda kukata majani ya ng'ombe, madawati yale yale yalikaliwa na mama zao na bibi zao, magoti yakigonga mbao kwa udogo wa madawati. Lilikuwa darasa la kisomo, na sijawahi kupata raha ya kazi kama niliyoipata na wanawake wale. Mmoja wao akifanikiwa kusoma sentensi nzima bila kukwama, wenzake walipiga vigelegele mpaka mwalimu mkuu akatoka ofisini kuchungulia.

Kilichotusumbua ni wanaume. Hawakuja. Walipita barabarani wakielekea kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, wakatusikia tunaimba silabi, wakacheka, wakaendelea na safari yao. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa mkulima hodari wa kahawa, mtu wa kusikilizwa kijijini, lakini kila alipopeleka kahawa kwenye chama cha ushirika alitia dole gumba. Nilipomwomba aje darasani kwangu mimi binti yake, alinijibu kwa upole, "Mama, mimi nimekubeba mgongoni. Leo unisimamishe mbele ya ubao?" Sikumwomba tena.

Kundi la kwanza lilipofaulu mtihani, kijiji kikaamua kufanya sherehe ya kukabidhi vyeti. Kamati ikaundwa, na mimi nikapewa kazi ya kutafuta msemaji. Mgeni rasmi alikuwa ameshapatikana, afisa kutoka wilayani. Huyo angetoa vyeti. Tuliyemhitaji ni mtu wa kuwagusa wale wanaume waliokuwa wakipita barabarani. Bibi mmoja, mwanafunzi wangu mkubwa kuliko wote, aliyechaguliwa kuwawakilisha wenzake katika kamati, alisema neno ambalo nilishuka nalo mlima.

"Mwalimu, tafuta mtu wa kutuamsha. Wa kutulaza tumeshawasikia wengi."

Jumamosi nikapanda basi la alfajiri mpaka Moshi. Mtu wa kwanza niliyeelekezwa alikuwa bwana mmoja aliyesifika mjini kwa hotuba. Alinipokea vizuri, akaagiza chai, na kabla haijafika akasimama nyuma ya meza yake ili nimwone anavyosema. Sauti alikuwa nayo! Vioo vya dirisha vilitetemeka. Lakini kila baada ya maneno machache alirudia, "Nitawaambia hao wajinga wasome! Mjinga ni mzigo kwa taifa!" Nikamfikiria yule bibi wa kamati kwenye dawati lake la mbele, na vidole vyake vyeusi kwa utomvu wa migomba, akiishika penseli kama yai. Nikanywa chai, nikashukuru, nikatoka.

Nilikwenda mtaa wa Majengo kwa shangazi yangu, aliyekuwa amepanga chumba nyuma ya duka la fundi cherehani. Nilikuwa nimekata tamaa. Nilipomaliza kumsimulia, akaacha kupepeta mchele.

"Kwa nini usimchukue yule mama wa trekta?"

"Mama yupi?"

"Wa kwenye miwa. Anaendesha trekta la kubeba miwa, na mchana anawasomea wenzake gazeti. Fundi hapa alikwenda kule kupima suruali za wafanyakazi, akarudi jioni bila kupima hata moja. Alikaa kusikiliza."

Sikungoja wali. Nikadandia lori lililokuwa likishuka kusini kwenye mashamba ya miwa, na njia nzima nilisimama nyuma, vumbi mdomoni, nikicheka peke yangu.

Kule chini ni nchi nyingine. Joto lilinipiga kama mtu amefungua mlango wa tanuri, na masizi ya miwa iliyochomwa yalikuwa yakianguka polepole juu ya kila kitu. Nilimkuta wakati wa mapumziko. Alikuwa amekaa kwenye gurudumu la tela, mwanamke mnene wa makamo, amejifunga kitambaa chekundu kichwani, gazeti mikononi. Wakata miwa walikuwa wamekaa chini kumzunguka, mapanga yamelala magotini. Walikuwa watu waliotoka mikoa ya mbali, kama yeye. Alisoma habari ya daraja lililosombwa na mvua, kisha akashusha gazeti na kuuliza, "Sasa ninyi mngekuwa ng'ambo ya pili na mke wa mmoja wenu amepata uchungu, mngefanyaje?" Wakaanza kubishana kwa kelele. Akawaacha wabishane, halafu akainua gazeti na kusoma walivyofanya watu wa kule. Wote wakasogea karibu.

Nilijua papo hapo kwamba sitatafuta mwingine.

Kengele ya kazi ilipogongwa nikamsogelea. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti. Umepotea?"

Nikamweleza yote kwa haraka, maneno yakipandana, kwa sababu alikuwa ameshaweka mguu kwenye ngazi ya trekta. Alinisikiliza, akacheka sana.

"Mimi nihutubie? Mwanangu, mimi sijasimama mbele ya watu hata siku moja. Hawa nawasomea nimekaa."

"Basi utakaa, mama. Tutakuletea kiti."

Akanitazama tena, safari hii kwa makini. "Huko juu kuna baridi?"

"Ipo."

"Na ndizi?"

"Mpaka utasema basi."

Akawasha trekta, akapiga kelele juu ya mngurumo, "Niombee ruhusa kwa msimamizi! Na usiniandikie hotuba, nitaipoteza! Malipo yangu mkungu mmoja wa ndizi, mkubwa!"

Msimamizi alishangaa, lakini alikubali, mradi awe amerudi kazini Jumatatu asubuhi. Nikarudi Kilema nikiwa mweusi kwa masizi na furaha imenijaa. Mwenyekiti wa kijiji aliposikia niliyempata alivua kofia, akajikuna kichwa.

"Dereva wa trekta? Mgeni rasmi tutamwambia nini?"

Bibi akamjibu kabla yangu. "Mwambieni aje asikilize."

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili ya wiki iliyofuata. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa la shule, na manyunyu yalikuja na kuondoka. Baada ya misa watu walijaa uwanjani, wanaume wakisimama nyuma kabisa karibu na uzio, tayari kuondoka. Mama wa trekta alishuka kwenye basi akitetemeka kwa baridi. Wanawake wakamzingira, mmoja akamfunika blanketi, mwingine akamshikisha bakuli la mtori wa moto, supu nzito ya ndizi na nyama. Mimi sikuweza kula chochote.

Vyeti vikatolewa, mgeni rasmi akasema machache, kwaya ikaimba. Kisha mwenyekiti akamkaribisha msemaji wetu. Hakukaa kwenye kiti. Alisimama na blanketi lake mabegani, akakiangalia kipaza sauti kama kitu kinachoweza kuuma.

"Mimi sijui kuhutubia," akasema. "Mwalimu wenu ndiye mkaidi."

Watu wakacheka. Akaendelea kwa sauti ya kawaida, kama yuko jikoni. Alisimulia jinsi mumewe alivyofariki kule kwenye miwa akamwacha na watoto wadogo, jinsi alivyokata miwa miaka mingi huku akiyatamani matrekta yanayompita, na jinsi alivyoambiwa kwamba dereva lazima ajue kusoma. Akaenda kwenye kisomo. Siku ya kwanza alishika penseli kama panga, ikavunjika, vijana wakamcheka.

Mzee mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Hukuona aibu?"

"Niliona, tena sana. Lakini ile aibu iliisha mapema. Kutokujua kungebaki nami mpaka kaburini."

Hapo akaingiza mkono ndani ya blanketi, akatoa gazeti. Nilidhani atasoma mwenyewe. Badala yake akauliza, "Kati ya waliopata cheti leo, nani atanisomea? Mimi baridi imenikamata."

Wanafunzi wangu wote wakatazama chini. Nikafumba macho. Nilipoyafumbua, bibi alikuwa ameshasimama. Alipita mbele taratibu, akalipokea gazeti, akaliweka mbali na macho, kisha karibu, kisha mbali tena.

"Si-mba," akaanza. "Simba a-i-ngi-a gha-la-ni."

Ilikuwa habari ya kijiji cha mbali kusini. Mama mmoja alisikia kishindo kwenye ghala lake la mahindi, ambamo alikuwa amefunga mbuzi. Akachungulia, akaona simba, akafunga mlango kwa nje na kukimbia kuwaita majirani. Bibi alisoma silabi kwa silabi, na kule kuchelewa kwake kuliongeza utamu. Wanaume wa kwenye uzio walianza kusogea. Nilimwona baba yangu katikati yao, shingo ameinyoosha. Majirani wakaja na mikuki na mapanga. Wakalizunguka ghala. Wakahesabu pamoja.

"Wa-li-po-fu-ngu-a mla-ngo," bibi akasoma, kisha akanyamaza. Akasugua macho. "Jamani, macho yamechoka."

"Malizia!" wanaume wakapiga kelele. "Bibi, malizia!"

Mama wa trekta akaruka kama aliyeona pesa chini. Akalichukua gazeti, akalikunja, akanikabidhi mimi mbele ya watu wote. "Mwisho wake anao mwalimu. Yuko darasani kesho alasiri."

Zogo lililozuka hapo sijaliona tena maishani. Walicheka, walilalamika, walimsihi mwenyekiti aniamuru nisome. Mgeni rasmi mwenyewe akaniinamia sikioni. "Mwalimu, kwani simba walimkuta?"

"Kesho alasiri, ndugu," nikamwambia, na ushujaa ule sijui niliutoa wapi.

Tukampakia mama wa trekta kwenye basi pamoja na malipo yake. Mkungu ulikuwa mkubwa kiasi kwamba kondakta alitaka kuutoza nauli. Wanawake walimwimbia mpaka basi likapotea kwenye kona.

Jumatatu nilikuta wanaume wamenitangulia. Madawati hayakutosha, wengine walikaa madirishani. Nikaandika sentensi za mwisho ubaoni, tukazisoma pamoja, na ilichukua alasiri nzima. Walipofungua mlango, simba alikuwa ameshatoboa paa la nyasi akaenda zake, na mbuzi yu hai, anatafuna mahindi. Walicheka mpaka wakapiga madawati ngumi. Wengi wao walirudi kesho yake.

Baba hakuwemo. Nilisononeka. Baada ya majuma kadhaa, nikitoka kwa rafiki yangu ng'ambo ya mto, nilimwona akitoka kwenye darasa la kisomo la kijiji cha jirani, daftari amelificha ndani ya koti. Alikuwa akitembea mwendo wote ule, akipanda na kushuka bonde, ili asifundishwe na binti yake. Tulikutana katikati ya njia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Natoka kuangalia ng'ombe wa rafiki yangu."

"Wanaendeleaje?"

"Wanaendelea vizuri," akasema, na tabasamu likamtoroka. "Wamefika kwenye silabi za ng'."

Habari zilisambaa mlimani. Asubuhi moja nilikuta wanawake wa Mwika wamekaa kwenye ngazi za shule, wametembea tangu kukiwa giza. Walikuwa na sherehe yao, na walikuwa wamesikia kwamba mimi ndiye ninayejua mama wa trekta anakopatikana. Niliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, nikafunga kitambaa kichwani kwa ajili ya vumbi, na tukashuka pamoja kwenda kungoja basi.