Mwanzi Uliolala Kushoto

Mwanangu wa kike alifundisha kemia kwenye sekondari moja ya Makambako. Mimi nasuka matenga ya mianzi hapa Njombe, na shule niliishia darasa la saba. Likizo moja alikaa nami jikoni, tukiota moto, akaniomba nimtengenezee kitu cha kufundishia.

"Weka tufe katikati, Baba. Hiyo ni silikoni, ile ile iliyomo kwenye mchanga. Kwa kawaida inashikwa mara nne. Hii yangu imeshikwa mara sita."

Aliisomea chuoni. Silikoni inakuja na chaji chanya nne, alisema, halafu inabanwa na vishikio vitatu. Kila kishikio kina chaji hasi moja, na kinabana kwa oksijeni mbili, kama koleo linavyobana kaa la moto. Toa tatu kwenye nne, inabaki chanya moja.

"Imekumbatiwa pande zote," alisema, "na bado inataka mwenzake wa chaji hasi akae karibu."

"Si ungeniletea yenyewe niione?"

"Kwa ukungu huu wa Njombe? Maji yangeivunja, Baba, ubaki na mchanga."

Nikachonga tufe, nikapinda juu yake vipande vitatu vya mwanzi, nikavifunga kwa uzi, vikalala kwa mshazari kama mapanga ya feni. Akataka la pili, lililolala upande mwingine, kwa sababu ioni hizo ziko za aina mbili, kama mkono wa kulia na wa kushoto. Nikasuka. Likatoka sawasawa na la kwanza. Nikaligeuza juu chini.

"Haya, la kushoto hilo."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Mzee huyu! Unaniuzia tenga moja mara mbili!"

Kweli, ukiligeuza mlalo haubadiliki. Yeye alikuwa mashoto tangu utoto. Akaninyang'anya mwanzi, akalisuka mwenyewe.

Mwaka jana aliugua, tukamzika. Matufe yote mawili yalirudi nyumbani pamoja na nguo zake.

Baadaye akaja kijana aliyeshika nafasi yake pale shuleni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Alikuja kuomba matufe. Bila kuyaona mawili pamoja, alisema, wanafunzi hawaelewi. La kulia nilimpa hapo hapo. La kushoto nikamwambia wazi kwamba siwezi kuliachia, ila nitamsukia jingine.

Mkono wangu ulikataa. Kila nilipopinda, mwanzi ulirudi kulia. Mwishowe nikaliweka lake mbele yangu, nikaiga kipande kwa kipande. Sikuwahi kulitazama kwa muda mrefu namna ile. Niliona alipopasua mwanzi ukawa mnene mno, na alipokata uzi kwa meno badala ya kisu. Nilitamani anikaripie kwamba nakosea. Nikakosea mara nyingi, nikafumua mwenyewe.

Langu lilipokamilika lilikuwa baya, lakini limelala kushoto. Mwalimu yule kijana aliporudi, alilizungusha mkononi, akasema linafaa, akaondoka nalo Makambako.

La kwake liko kwangu. Kipande kimoja kimelegea pale alipofunga kwa haraka. Ni kazi ndogo sana kukikaza. Sijakikaza, maana fundo lile ni la mkono wake.