Siku Tulipomfuata Bwana Harusi Getini

Siku ya uhuru nilicheza barabarani mpaka kiatu kimoja kikapotea, na askari mwenye bunduki akaniomba tupigwe picha pamoja. Tukapigwa. Hakuna aliyeuliza kibali. Juba nzima ilikuwa inapiga picha: bendera, kuta, ng'ombe, mimi.

Kisha vita vikaja upya, tukawa watu wa kuulizwa. Unakwenda wapi, umetoka kwa nani, mbona mmekaa wengi. Kukusanyika, kibali. Kipaza sauti kanisani, kibali. Ukiuliza sababu, jibu lilikuwa moja tu: usalama wa taifa. Mimi shule niliiacha mapema, lakini mtu anayenilinda namjua, na anayenichunga kama mbuzi namjua pia.

Wakati huohuo mjukuu wangu akaolewa. Asubuhi ya harusi sisi wanawake tulimtoa bibi harusi mtaa wa Konyo Konyo, tumevaa vitenge vya sare, tukashika njia ya kwenda kanisani Kator huku tukiimba. Bwana harusi alitakiwa awe kanisani anasubiri. Alishindwa kungoja. Akaja kusimama ng'ambo ya barabara, akatupiga picha kwa simu yake. Nyuma yetu palikuwa na ukuta wenye geti, basi. Hapohapo wanaume wawili wa miwani nyeusi wakamshika mikono.

"Umepiga picha ya ofisi ya serikali."

"Nimepiga picha ya harusi yangu!"

Wakamwingiza ndani ya geti hilo. Padri angetusubiri mpaka saa sita tu, baada ya hapo ana maziko. Na mtu akishaingia geti lile, hakuna aliyejua atatoka lini.

Wenzangu walinyamaza kimya. "Nani amewaambia mnyamaze?" nikawauliza. "Imbeni!" Tukakaa chini mbele ya geti, tukaimba. Afisa akatoka amenuna.

"Haboba, huu mkusanyiko una kibali?"

Haboba ndivyo tunavyomwita nyanya hapa kwetu. Nikamjibu, "Mkusanyiko gani? Hii ni harusi. Mmemchukua bwana wetu, mturudishie."

Akasema kijana hana ndugu hata mmoja Juba, huenda ni mpelelezi. Kuhusu ndugu alisema kweli. Walikuwa kambini Uganda na barabara haipitiki kwa vita. Nikasema mimi nitamtambua. Akakataa. Nyanya, alisema, humtetea hata mwizi. Alimtaka mama mzazi wa bibi harusi, yaani binti yangu.

Hapo tukakwama. Kwetu mwanaume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani. Kutajana majina pia ni mwiko. Binti yangu, tangu posa ipokelewe, alikuwa hajamwona kijana yule ila mgongo.

Wakamtoa bwana harusi, miguu mitupu, mkanda wameuchukua, suruali ameishika kwa mkono. Alipomwona mkwe wake tu, akageukia ukutani. Binti yangu akajifunika kitenge kichwa kizima.

"Mama, unamjua mtu huyu?" afisa akauliza.

Akakivuta kitenge mpaka kifuani.

"Haya, mwite jina."

Kitenge kikatikisika: hapana.

"Basi mtazame!"

Binti yangu akatimua mbio, akajificha nyuma ya gari la afisa mwenyewe. Askari wakamgeuza kijana kwa nguvu, naye akajiziba uso kwa viganja viwili, suruali ikabaki kwa Mungu.

"Mnaona?" afisa akasema. "Hawajuani."

Nikasimama. "Wewe mtoto, umeoa?"

"Nimeoa."

"Ukimwona mama mkwe wako sokoni unafanya nini?"

Askari mmoja nyuma yake akaanza kucheka. "Anaruka mtaro, Haboba! Juzi nilimwona. Samaki wake wote aliwaacha kwenye boda boda!"

"Nyamaza wewe!" afisa akafoka, lakini mdomo wake ulishaanza kumsaliti.

"Mpelelezi gani anamkimbia mama mkwe namna hii?" nikasema. "Mimi hapa ananitazama vizuri, maana mimi ndiye mke wake mkubwa. Huyu mjukuu ni mdogo tu. Sivyo, mume wangu?"

"Ndivyo, mke wangu," akajibu kutoka nyuma ya viganja.

Geti zima likacheka. Afisa akapangusa macho. "Mchukueni, mwende zenu. Simu inabaki."

"Simu imekosa nini?"

"Haboba, usalama."

Tulikwenda Kator karibu kwa kukimbia, bwana harusi akifunga mkanda njiani. Padri tulimkuta mlangoni akitazama saa. Wakafungishwa ndoa, tukapiga vigelegele mpaka masikio yakauma, na binti yangu akacheza kuliko wote, mgongo wake kwa mkwe wake muda wote.

Simu hawajairudisha. Kila nikienda sokoni nasimama pale getini naidai. Wananiambia, "Haboba, njoo kesho." Kesho naja. Siku nyingine tunakuja wanawake wanne, watano, tunaimba kidogo tukisubiri jibu, na kibali hatujawahi kuomba.