Sepetu Juu ya Tuta la Aeltje

Mama mkwe wangu, Aeltje Pouwels, alizaliwa katika nchi iliyo chini ya usawa wa bahari na hakuona ajabu. Maji aliyajua kama mtu amjuavyo jirani mgomvi. Tangu afiwe na mumewe, kwa miaka arobaini na mitatu, kipande chetu cha tuta la kuzuia maji alikitunza yeye. Aliziba mashimo ya fuko na kupanda majani, na wakaguzi hawakupata la kumlaumu.

Kwetu, anayeshindwa na tuta lake huchomeka sepetu juu yake na kuondoka. Atakayeing'oa huchukua shamba pamoja na kazi ya tuta. Hakuna aibu inayoipita hiyo.

Kiangazi kimoja mchoraji kutoka mji wa Haarlem alikaa ng'ambo ya mfereji kutwa nzima, akichora kwa chaki nyeusi na kufuta makosa kwa mkate laini. Tulimpa maziwa. Wiki mbili baadaye jirani yetu Wouter alirudi kutoka mjini, akasimama mlangoni bila kuvua kofia.

"Mama, unahama lini?"

"Nihamie wapi, kaburini?"

"Picha ya tuta lako imetundikwa kilabuni. Sepetu imesimama juu. Watu wanauliza nani ataing'oa, nami ndiye jirani."

"Ng'oa kwanza magugu yako, Wouter."

Wakaguzi walikuwa waje Jumatatu, na kilabu chao ni hicho hicho. Nilisema nitaandika barua, kwa kuwa mimi nimesoma.

"Barua itasomwa na mtu mmoja, mwanangu," alisema Aeltje. "Picha inasomwa na kila mlevi."

Akachukua mkate mweupe tuliowawekea wakaguzi, tukatembea kwa muda wa saa tatu hadi mjini, nyonga yake ikimuuma. Mchoraji tulimkuta pale pale kilabuni.

"Bibi, mchoro ulihitaji kitu kilichosimama," alijitetea.

"Nilikuwepo mimi, nimesimama." Akaumega mkate, akaweka kipande mbele yake. "Futa."

Watu wakacheka, lakini Aeltje hakukaa wala hakuondoka. Mchoraji akafuta. Palipokuwa na sepetu akamchora yeye, mikono kiunoni.

Jumatatu wakaguzi walikula jibini bila mkate, wakaandika kuwa tuta ni zima. Picha hiyo niliinunua baadaye. Chini ya sketi yake bado kuna doa jeusi lililokataa kufutika. Wajukuu wakiuliza ni nini, nawaambia.