Siku Tatu za Batuli Tanga

Mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofunguliwa tena, Batuli, msuka mikeka wa Mambrui, alikuwa na miaka saba hajamtia machoni mdogo wake Hindu, aliyeolewa Tanga. Mapema mwaka wa 1984 akafunga kikapu, akatia halua na miche kumi ya sabuni, maana alisikia kule sabuni imekuwa adimu, akapanda basi.

Alifika Jumatatu akakuta mlango una kufuli.

"Wote wamekwenda arusini Pangani," jirani akamwambia. "Hawarudi mpaka Alhamisi."

Kwa jirani hapakuwa na pa kulaza mgeni, basi akampeleka gesti ya Bi Kabibi, mjane asiyepokea walevi.

Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, chandarua chenye viraka, ndoo na kata. Chokaa ilikuwa imebambuka ukutani.

"Utuwie radhi, dada," alisema Bi Kabibi. "Maji ni ya kuteka, na bafu ni la wote."

Batuli hakumsikia vizuri. Alikuwa akiutazama ufunguo aliokabidhiwa. Utotoni alilala na dada zake wanne. Akaolewa, akalala na mume. Kisha wana sita, kisha wajukuu. Umri wa miaka hamsini na miwili, hajapata kufunga mlango akawa ndani peke yake.

Akampa Bi Kabibi mche mmoja wa sabuni. Mjane akaupeleka puani, akafumba macho. Tangu hapo chai ya asubuhi ikawa inamfuata Batuli mlangoni.

Jumanne alilala mpaka jua likapanda, na hakuna aliyemwita. Akala ndizi kitandani kama bibi arusi. Jumatano alizunguka sokoni, akarudi, akajinyosha, akaimba.

Alhamisi adhuhuri Hindu akaingia mbio, buibui limemwanguka mabegani. Wakakumbatiana, wakalia, wakacheka.

"Aibu gani hii! Dada yangu alale gesti? Lete kikapu twende."

"Kwako mko wangapi?"

"Kumi na mmoja, pamoja na mama mkwe."

"Basi vua viatu, uje ulale hapa."

Hindu akamtazama kama aliyerukwa na akili. Kisha akausikia ule ukimya wa chumba. Akavua.

Wakalala ubavu kwa ubavu, wakazungumza ya miaka saba mpaka ikaadhiniwa alasiri. Wakaswali, wakarudi kitandani. Hata magharibi ilipokaribia, Hindu ndiye aliyesema, "Kidogo tu, dada. Bado kidogo."